Kaka Asiyejua Kungoja

Kaka yangu Cleavon alirudi nyumbani mwezi wa tatu, baada ya miaka thelathini na minne Detroit, na kufika Pasaka nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu amtafutie pengine pa kwenda.

Sisemi kwa ubaya. Nilikuwa nimemlilia miaka mingi arudi. Lakini mtu yule hakai. Alikuja na gari lake jeusi, buti limejaa spana na nyundo badala ya nguo, na asubuhi ya pili nilimkuta kalala chali chini ya jiko langu, inaonekana miguu tu.

"Lina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Ndiyo naitafuta," akasema.

Wiki ileile akatia mafuta bawaba za milango yote, nikawa sisikii tena nani anaingia wala nani anatoka. Akabomoa banda la kuku akalijenga upya, likawa zuri kuliko nyumba za watu wengine, na kuku wakagoma kutaga siku kumi na moja. Kila alfajiri saa kumi na nusu, saa aliyozoea kuamkia zamu ya kiwanda cha magari, nilimsikia barazani akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha anarudi, kisha anaanza tena. Mwezi wa tano trekta langu lilikuwa limefunguliwa na kufungwa mara tatu. Likalia vizuri kuliko lilipokuwa jipya, sikatai.

Kanisani walimfanya kichekesho. Shemasi Roscoe Tharpe kila akimwona anaingia alificha mkono nyuma. "Saa yangu nzima, Cleavon! Nzima kabisa, usiisogelee!" Watu wakacheka, naye akacheka, lakini mimi niliyekaa karibu naye niliona vidole vyake vikipigapiga benchi mahubiri yote, mpaka mama mmoja wa mbele akageuka akamtazama.

Mimi naitwa Ardessa, ingawa hapa kusini mwa Alabama, kwa watu wa kanisa la Sardi, ni Dessa tu. Sikuondoka kamwe. Baba alipofariki nilibaki na shamba, na mume wangu Hosea alipofariki nikabaki nalo tena. Nalima karanga, ekari tisa juu na kumi na nne chini, na kama kuna kazi moja ninayoijua duniani, ni kungoja.

Karanga ni zao la siri. Pamba ikiwa tayari inafunguka, kila mpita njia anaiona. Karanga ziko chini, hazisemi. Unang'oa mche mmoja, unakwaruza ganda kwa kisu, unatazama rangi. Nyeupe ni changa. Njano, bado. Ikiwa kahawia ya kukolea, karibu nyeusi, hapo sasa. Ukiziwahi umevuna maganda. Ukizichelewa zinakatikia udongoni. Majirani walikuwa wanachungulia kwangu kabla ya kuwasha matrekta yao. Hata Bwana Talmadge Hutto, mzungu tunayepakana naye, mwenye kombaini inayotuchambulia karanga sote wa barabara hii, alikuwa akisema kisu changu kina akili kuliko ofisi nzima ya kilimo.

Basi mwezi wa tisa ulipoingia, Cleavon akawa hanipi pumzi.

"Bado?"

"Bado."

"Lini sasa?"

"Zitaniambia."

"Zitakwambia kwa mdomo upi, Dessa? Kiwandani gari lilitoka kila dakika. Hatukukaa kungoja gari lituambie limeiva."

"Ndiyo maana yanaharibika njiani."

Alicheka, lakini alicheka akiwa anatembea.

Alhamisi moja redio ikatangaza kimbunga. Kilikuwa bado baharini, kusini ya mbali, kikitazamiwa kutua Jumatano na kuja kwetu na mvua ya siku nyingi. Bwana Hutto alikuja jioni ileile, akasimama uani na kofia mkononi.

"Bi Dessa, mimi sing'oi kitu. Zikikutwa chini ya udongo zitavumilia. Zikikutwa juu, zimelowa, kwisha habari yake. Wewe wasemaje?"

"Hata mche mmoja," nikamjibu. "Na zangu zinataka siku tisa au kumi tena."

"Basi tuko pamoja."

Cleavon alikuwa palepale, ameegemea nguzo ya baraza. Alisikia kila neno.

Jumamosi tulikuwa na mazishi ya Bi Eula Grice, aliyetufundisha sisi wawili kusoma kwenye shule ya Jumapili. Cleavon alipiga viatu rangi mpaka vikang'aa, akavaa suti ya kijivu, akaniwekea garini makaroni yangu ya jibini na keki. Akaketi nyuma ya usukani. Akashika ufunguo. Nikamngoja awashe. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na jua lilikuwa halijapanda.

"Endesha wewe," akasema. "Nitakufuata."

"Utanifuata na nini, na gari naondoka nalo?"

"Nitatembea. Maili mbili si kitu. Nenda, Dessa, utachelewa na chakula cha watu."

Akashuka, akaanza kulegeza tai. Nilikasirika kidogo, kwa sababu Bi Eula alikuwa akimpenda kuliko mimi. Nikaondoka.

Kanisani nilimwekea nafasi kwa mkoba wangu. Kwaya ikaimba, mchungaji akasoma, watu watatu wakasimama kutoa ushuhuda wao juu ya marehemu na mmoja akasahau kukaa. Nafasi bado tupu. Madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na mara kwa mara upepo ulileta mngurumo wa trekta kutoka upande wetu. Nikajiambia ni la Hutto. Kisha nikajiuliza, Hutto analima nini leo? Nikajaribu kusali. Nikajikuta napigapiga benchi kwa vidole.

Tukamzika, tukarudi ukumbini kula. Nilikuwa nimeshika sahani, nimeshaweka kuku na mboga za sukuma na mkate wa mahindi, Shemasi Roscoe alipokuja kuongeza chai ya barafu.

"Dada Dessa, wewe nawe msiri. Juzi unatwambia tusing'oe, leo unang'oa peke yako? Au umepata redio yako na Mungu?"

"Nani anang'oa?"

"Si wewe? Nimepita pale nikichelewa. Shamba lako la chini limegeuzwa nusu."

Niliiweka ile sahani juu ya piano ya watu.

Nilipofika, haikuwa nusu. Ilikuwa yote. Mashine ya kung'olea inakata mizizi chini, inanyanyua mche na kuulaza kichwa chini, karanga zikitazama jua. Ukiliona shamba lililogeuzwa kwa wakati wake, moyo unachanua. Mimi nilisimama kando ya barabara na viatu vyangu vya kanisani, nikaona ekari kumi na nne za karanga zangu zimelala wazi, mistari iliyonyooka kama imepigwa rula.

Cleavon alikuwa anamalizia mstari wa mwisho. Suruali ya suti, fulana ya ndani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akazima trekta akanijia akitabasamu, uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Nimekupunguzia kazi," akasema. "Umeona mistari hiyo?"

Nikainama, nikachukua karanga, nikatoa kisu mkobani. Nikakwaruza. Njano. Ya pili, njano. Ya tatu, nyeupe kama jino la mtoto. Nikamwonyesha kiganjani.

"Cleavon, unajua ulichofanya?"

"Nilidhani, kwa kuwa mvua inakuja..."

"Ulidhani! Hukuwepo Hutto alipokuja? Hukunisikia? Hata mche mmoja, nilisema. Hata mche! Kuna mtu alikutuma?"

"Sikuweza kukaa, Dessa."

"Kukaa kunataka nini? Matako huna? Watoto wa miaka mitatu wanakaa!"

"Nimekwambia sikuweza."

"Basi ungebaki Detroit," nikasema. "Ungebaki hukohuko na magari yako. Mimi nimezitunza hizi tangu mwezi wa nne."

Lile tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Akatazama shamba kama ndiyo kwanza analiona. Kisha akapita kando yangu akaenda nyumbani kwa miguu, nami nikabaki pale na hasira yangu, na chini ya hasira nikisikia lile neno langu la Detroit likinirudia.

Jumapili niliamka nikakuta baraza kimya. Nikaogopa. Gari lilikuwepo. Nikatoka na shali begani, nikatazama chini, nikamwona. Alikuwa katikati ya shamba na uma wa majani, ananyanyua mashina yaliyolala vibaya, mche mmoja mmoja, anayakung'uta udongo na kuyageuza upepo uyaingie. Alikuwa ameshamaliza mistari sita. Ilikuwa kazi ya kipuuzi, ekari zote hizo kwa uma. Ilikuwa pia kazi pekee iliyobaki.

Kwa mara ya kwanza tangu Hosea afariki, sikwenda kanisani. Nilivaa mabuti, nikachukua uma mwingine, nikaanza mstari wa pembeni yake. Hatukusalimiana. Jua likapanda. Kengele ya Sardi ikalia, ikanyamaza. Tulipofika mwisho wa mistari yetu nikaona mpini wa uma wake una damu.

"Nionyeshe mikono."

"Haina kitu."

"Cleavon. Nionyeshe."

Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote. Nikachana kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga, naye akasimama mikono mbele kama mtoto. Hapo ndipo alipoanza kusema, akitazama si mimi bali kule kwenye mstari wa miti.

"Jana nilikuwa nataka kuja. Nilivaa viatu."

"Nilikuona."

"Tangu Corinne, siwezi kuingia kanisani penye jeneza." Corinne ni mkewe. Alifariki miaka miwili kabla ya Cleavon kurudi. Mimi nilikuwa na homa ya mapafu, sikuweza kusafiri, nikatuma kadi. "Alianza kulalamika tumbo mwezi wa kwanza. Nikampeleka. Daktari akasema si kitu kikubwa, tungoje wiki sita tuone. Nami nikaona, huyu kasoma. Nikaketi. Nikangoja kama mtu mwenye adabu zake. Usiku anageuka huku na huku, nami namwambia vumilia, mama, zimebaki wiki nne. Zimebaki tatu. Tuliporudi, daktari akasema mngewahi kidogo. Mngewahi kidogo! Alitamka vile vile, Dessa, kama mtu anayekwambia basi limeshaondoka."

Nikaendelea kufunga, ingawa kitambaa kilikuwa kimeshafungwa.

"Kwa hiyo mtu akiniambia ngoja," akasema, "nasikia kitu kinanipanda hapa. Najua karanga si mtu. Nimelijua hilo jana jioni. Asubuhi sikulijua."

Nilimwambia, "Mimi nilituma kadi tu," naye akasema, "Ilikuwa kadi nzuri," kisha tukarudi kwenye mistari.

Jumatatu saa nne Bwana Hutto alisimamisha gari lake barabarani. Akatoka, akalitazama shamba muda mrefu, akaokota karanga moja akaipasua kwa kidole gumba.

"Bi Dessa, miaka thelathini sijakuona ukikosea tarehe."

Cleavon alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Aliacha kazi, akanyanyua kidevu kama mtu anayengoja kofi.

"Tulizing'oa mapema," nikasema. "Ndiyo hivyo."

Hutto akanitazama, akamtazama Cleavon na vile vitambaa mikononi, akakohoa. "Haya. Kombaini yangu imekaa bure, hakuna mjinga mwingine wa kuitumia wiki hii. Samahani. Kesho mchana naileta. Zitakuwa na maji bado, lakini kule kituo cha karanga mjini matela ya kukaushia yote ni matupu. Lurleen atawapokea."

Jumanne tulizichambua mbingu zikiwa tayari na rangi ya risasi na upepo ukivuma kutoka upande usio wake. Hutto aliendesha, Cleavon akakimbia nyuma ya mashine akiokota ilizodondosha, nami nikavuta matela kwenda na kurudi. Hatukula. Mstari wa mwisho ulikwisha saa kumi na moja jioni na tone la kwanza lilinipiga shingoni nikiwa njiani kuelekea mjini.

Sasa nikwambie kimbunga kilifanya nini. Hakikufanya kitu. Jumatano alfajiri kikakata kona kwenda Florida. Sisi tulipata upepo, manyunyu ya siku moja, na matawi mawili barabarani. Karanga za majirani, zilizobaki ardhini, zikanywa yale maji kidogo, zikaiva, wakazing'oa wiki iliyofuata zikiwa nzito na zimekolea rangi. Zangu zilipewa daraja la chini kabisa, nyingi zikaenda kukamuliwa mafuta. Kama Cleavon angekaa barazani akanywa kahawa tu, ungekuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote. Siwezi kuipamba hiyo.

Lakini kuna jambo lilitokea kule kituoni.

Kituo ni banda refu la mabati, matela yamepangwa safu, na chini ya kila tela feni kubwa inasukuma hewa ya moto. Kelele yake huwezi kusikia jina lako. Cleavon alikataa kuziacha karanga, akasema atakaa nazo mpaka zikauke. Alhamisi mchana nikampelekea chakula. Nikamkuta Bi Lurleen Spooner, mama mnene mwenye miwani ya kamba anayeendesha kituo, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Huyu kaka yako umemtoa wapi?" akanipigia kelele sikioni. "Feni namba tano ilikufa jana, fundi wangu yuko Dothan, harusini! Kaka yako akaifungua akaitengeneza kwa kisu cha mezani! Halafu akaniambia namba mbili na namba tisa zitakufa Jumamosi, kwa kusikiliza tu!"

"Ametulia?"

"Njoo umwone."

Alikuwa amelala. Kaka yangu, ambaye miezi sita sikuwahi kumwona amefumba macho mchana, alikuwa kwenye magunia kati ya feni mbili, zile kelele zikitikisa mabati juu yake, mdomo wazi, mikono iliyofungwa imelala kifuani. Kule kwangu kimya ndicho kilichokuwa kikimwamsha. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chakula kikapoa. Nilikaa pale saa mbili nzima nikimlinda, na Bi Lurleen akawa anawazuia watu kupita kwa ishara ya kidole.

Akamwajiri siku ileile. Msimu wote Cleavon aliondoka alfajiri na kurudi jioni ana vumbi na njaa, na akija mezani anazungumza habari za feni kama mtu mwingine anavyozungumza habari za wajukuu. Shamba la juu nililing'oa kwa tarehe yangu, likatoa vizuri. Yeye hakuliuliza hata mara moja. Siku moja tu, akipita na kikombe, alisema, "Bado?" nikamrushia kitambaa cha vyombo.

Kazi ya kituo iliisha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Jioni ya siku ya mwisho alikaa jikoni, amekaa kweli, mgongo kwenye kiti.

"Dessa, Corinne hana jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kaburi. Miaka miwili na nusu. Kila nilipokwenda kwa mchongaji aliniambia nirudi baada ya wiki tatu, nami nikatoka mbio. Nimempigia simu leo. Nimemwambia achukue muda wake. Amesema litakuwa tayari Ijumaa." Akazungusha kikombe. "Sitaki kwenda peke yangu."

Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wa Alabama ila kwenda Georgia kwenye mikutano ya kanisa. Nilikuwa na kuku, nilikuwa na mboga za kuchuma, nilikuwa na zamu ya kupamba kanisa kwa ajili ya Siku ya Shukrani.

"Nani atalisha kuku?" nikauliza.

"Nimeshazungumza na Hutto."

"Kabla ya kuniuliza mimi?"

"Hilo ni kosa langu la zamani," akasema.

Tukaenda. Siku mbili barabarani, tukila karanga za kuchemsha nilizobeba kwenye mtungi, naye akinitajia kila mji kabla hatujaufikia. Detroit kulikuwa na baridi ambayo sikujua Mungu aliiumba. Jiwe lilikuwa dogo, la kijivu, na jina lake limeandikwa bila kosa. Wafanyakazi wawili walilisimika, wakapiga udongo kwa miguu, wakaondoka.

Cleavon akavua kofia, akasimama. Hakutembea, hakupapasa mifuko, hakuinama kutazama kama jiwe limenyooka. Dakika kumi. Nusu saa. Mimi vidole vya miguu vilikuwa vimeshakufa, pua inanitoka maji, nazunguka makaburi ya watu nikisoma majina ili damu itembee.

"Kaka," nikasema mwishowe, "tutaganda hapa."

"Nenda garini, mdogo wangu, washa moto," akasema bila kugeuka. "Mimi nipo kidogo."

Nikaenda. Nikawasha. Nikamngoja huko mpaka jua likaanza kushuka, na sikumpigia honi.